El Majidi: Merikebu ya Mnada na Nyumba ya Seyyid Said

Mtu wa pwani anunuapo chombo kikuukuu huanzia kwenye ngama, wala hayajali kwanza matanga. Huinama chini, akanusa maji yaliyotuama, akagonga mataruma, akachoma kisu katika mbao zilizo karibu na mkuku aone kama zimelika. Hapo ndipo huuliza habari za mwenyewe: ni nani, chombo kilifanya kazi gani, na kwa nini sasa anakiuza. Desturi hii ni nyepesi kuifuata kwa jahazi lililopwelea pwani ya Mkokotoni. Ni nzito chombo kiwapo ng'ambo, mwendo mrefu wa bahari kutoka kwa mnunuzi, na macho yanayotazama ni macho ya wakala. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1866, wakati Seyyid Majid bin Said wa Unguja alipojipatia kwa mnada, katika bandari ya Liverpool huko Uingereza, merikebu ya matanga na mvuke ambayo kwa miaka mitatu tu ya uhai wake ilikuwa imekwisha kuwa na majina mawili na kupeperusha bendera tatu.

Nyumba ile haikuwa ngeni katika mambo ya merikebu. Baba yake Majid, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa mwenye vyombo kabla ya kuwa mwenye mashamba ya karafuu, na wengi waliomjua wangekubali kwamba alivipenda vyombo zaidi. Merikebu zake bora zilijengwa Bombay, kwa msaji wa Malabar, na mafundi wa Kiparsi wa ukoo wa Wadia. Liverpool, merikebu ya mizinga 74, ilishushwa majini huko mwaka 1826. Mwaka 1836 Seyyid Said aliitoa zawadi kwa Mfalme William wa Nne wa Uingereza, nayo ikaitwa Imaum. Mfalme akajibu kwa kumpelekea Prince Regent, chombo cha anasa cha nyumba ya kifalme ya Uingereza, kilichokuwa kimetumika tangu mwaka 1820. Basi kikuukuu cha kwanza cha familia ya wafalme kilichotoka Ulaya kuja kwa nyumba hii kilikuja kwa njia ya heshima, bila ya bei. Seyyid Said hakukaa nacho. Alikitoa kwa serikali ya Waingereza ya India, na kwa kitendo hicho alionyesha busara ambayo mwanawe hakuirithi: zawadi isiyofaa ilipata mlango wa kutokea kabla ya kuanza kula fedha.

Seyyid Said alifia baharini, tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya merikebu yake Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Maskati. Mwanawe Barghash alikuwa pamoja naye, naye ndiye aliyeileta maiti Unguja. Baada ya hapo watoto waligombana. Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Unguja, na Barghash, aliyejaribu kumwondoa Majid mwaka 1859, alipelekwa Bombay akakaa huko uhamishoni. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, aliamua kwamba Unguja na Maskati ziwe nchi mbili, na kwamba Unguja iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Aidha hazina ya Majid ilikuwa na deni kubwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindi waliokodi ushuru wa forodha. Huyu ndiye mnunuzi: mtu wa jina kubwa, wa ndugu wasioelewana, na wa mfuko uliokwisha kushikwa na wengine.

Sasa itazamwe bidhaa yenyewe. Ilijengwa mtoni Clyde, Glasgow, na kiwanda cha Alexander Stephen, ikashushwa majini Agosti 1863 kwa jina la Sea King. Ilikuwa na urefu wa futi 230 hivi na uzito wa tani 1,160. Ilikusudiwa kwenda Uchina kuleta chai, biashara ambayo aliyewahi kufika sokoni ndiye aliyepata faida. Mataruma yake yalikuwa ya chuma na ubavu wake wa mbao za msaji. Ufundi wa namna hii ulipendwa siku zile, kwa kuwa chuma kilitoa nguvu, na mbao ziliweza kufunikwa kwa bati la shaba, ambalo huzuia wadudu watoboao ubavu na majani yaotayo chini ya merikebu. Ilikuwa na milingoti mitatu na matanga kamili, na pamoja na hayo mashine ya mvuke na rafadha iliyoweza kuinuliwa kutoka majini ili isizuie mwendo wakati wa upepo mwema. Kwa bahari yenye kaskazi na kusi ni vigumu kufikiri chombo cha kupendeza zaidi. Jahazi lililokwenda Bombay na upepo wa kusi lilingoja kaskazi ndipo lirudi. Merikebu hii ingeweza kwenda kinyume cha majira, na shwari isingeikamata njiani.

Lakini chai iliibeba kwa muda mfupi tu. Majimbo ya Kusini ya Marekani, yaliyojitenga mwaka 1861 ili kuulinda utumwa wao, yalikuwa yakitafuta Uingereza merikebu za kuharibu biashara ya Kaskazini. Wakala wao aliinunua Sea King kwa siri. Iliondoka London Oktoba 1864 kama merikebu ya kawaida ya shehena, ikakutana karibu na kisiwa cha Madeira na chombo kingine kilichobeba mizinga, na tarehe 19 Oktoba ikabadilishwa jina kuwa Shenandoah, nahodha wake akiwa James Waddell. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikavuka Bahari ya Hindi, na mwisho wa Januari 1865 ikaingia Melbourne, Australia, kwa sababu mhimili wa rafadha ulikuwa na hitilafu. Ilipandishwa gudini, ikatengenezwa, na watu zaidi ya 40 wakajiunga nayo kwa siri, kinyume cha sheria ya Uingereza. Kutoka huko ilipanda kaskazini hadi bahari ya barafu. Kwa muda wa juma moja la Juni 1865 ilikamata merikebu zaidi ya 20 za kuvulia nyangumi, na nyingi ikazitia moto. Vita vilikuwa vimekwisha tangu Aprili. Waddell aliamini habari hizo tarehe 2 Agosti tu, alipozipata kwa merikebu ya Kiingereza. Akaificha mizinga chini, akazunguka Amerika ya Kusini bila kugusa bandari yoyote, na tarehe 6 Novemba 1865 akaishusha bendera yake Liverpool mbele ya manowari ya Kiingereza. Merikebu zote alizozikamata zilikuwa 38.

Hapa yafaa kukumbuka jambo ambalo mtu wa Unguja hakuhitaji kuelezwa. Watu wa Kaskazini ya Marekani, hasa wa mji wa Salem, walikuwa rafiki wa zamani wa forodha ya Unguja, na mapatano yao na Seyyid Said yalikuwa ya mwaka 1833. Nguo yao ya pamba ilivaliwa pwani na bara, hata ikaitwa merikani. Vita vile viliikata biashara hiyo, pamba ikawa adimu, na nguo za Uingereza na India zikachukua mahali pake. Kwa hiyo Shenandoah ilikuwa imepigana upande wa wale waliomwunguza mteja wa Majid, kabla Majid hajaiona.

Waingereza hawakutaka kukaa nayo hata siku moja. Waliikabidhi kwa konseli wa Marekani. Wamarekani walijaribu kuipeleka New York, lakini tufani iliirudisha Liverpool na matanga yaliyoharibika, na baada ya hapo ikatiwa mnadani. Hilo ndilo jibu la swali la mwenye kuuza: aliishika kwa ushindi na hakuwa na haja nayo. Kwa mnunuzi jibu hili lilikuwa na uzuri wake. Hati ya merikebu iliyouzwa na serikali iliyoshinda vita haikuwa na mdai nyuma yake. Wala historia yake haikuwa siri, maana magazeti ya Uingereza yalikuwa yameiandika kwa kirefu.

Kuna neno jingine katika biashara hii ambalo halikuulizwa na upande wowote. Muuzaji alikuwa serikali ambayo Desemba 1865 ilikuwa imeufuta utumwa katika nchi yake yote, baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu ya watu. Chombo alichokiuza kilikuwa kimewatumikia waliotaka utumwa udumu. Mnunuzi alikuwa mfalme wa kisiwa ambacho karafuu zake zilichumwa na watumwa, na ambacho, kwa mapatano ya mwaka 1845, bado kilikuwa na ruhusa ya kuwasafirisha watumwa ndani ya mipaka ya dola yake. Merikebu ilitoka mikononi mwa waliokombolewa na vita, kwa maana ya maadili, ikarudi mahali ambapo vita hivyo havijafika. Dalali alipiga nyundo, fedha ikapokewa.

Iliitwa El Majidi. Jina linaeleza mengi kuhusu sababu ya kuinunua. Mwaka ule ule Majid alikuwa amekwisha kuanza kujenga mji mpya upande wa bara, akauita Dar es Salaam, na mfalme mwenye bandari mbili alihitaji kuonekana akivuka baina yake kwa dohani inayotoa moshi. Ni mwaka huo pia dada yake, Seyyida Salme, alipoondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza Highflyer. Jamaa za Seyyid Said, ambaye zamani alizitoa merikebu kwa wafalme, sasa walikuwa wakija na kwenda kwa merikebu za wengine. Mtu anayeyapima hayo hawezi kumlaumu Majid kwa kutaka chombo chenye jina lake. Lawama, kama ipo, ni juu ya hesabu.

Maana bei ya mnada ni sehemu ndogo ya bei ya merikebu. Jahazi la Unguja hutunzwa Unguja. Maji yakipwa hulazwa pwani, likakalafatiwa kwa pamba na mafuta, likapakwa deheni ya shahamu na chokaa chini na sifa juu, na kusi likianza lipo tayari. Fundi wake ni jirani. El Majidi haikuweza kulazwa hivyo. Makaa ya mawe hayachimbwi Unguja wala Pemba, yalibidi kuletwa na merikebu nyingine. Tangi la mvuke liliharibiwa na chumvi, na mhimili wa rafadha, ambao ulikwisha kuitia gudini Melbourne, ulikuwa ule ule wa mashine ile ile. Gudi la karibu la kutegemewa lilikuwa Bombay, chini ya Waingereza. Kila ilipohitaji matengenezo makubwa, merikebu ya mfalme wa Unguja ilibidi iende kwa watu ambao mfalme huyo alikuwa akijaribu kujionyesha mbele yao kuwa ni huru. Seyyid Said naye alikuwa mteja wa Bombay, ni kweli. Lakini merikebu za msaji na matanga zilivumilia miaka mingi kwa mafundi wa kawaida, na mashine haivumilii.

Majid alifariki Oktoba 1870. Barghash, yule wa uhamishoni, alirithi kiti, madeni na merikebu. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani isiyo na mfano katika kumbukumbu za Unguja iliupiga mji na mashamba. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa, na Pemba ikasalimika. Bandarini majahazi yalivunjika kwa makundi, na merikebu za Seyyid Barghash zilitupwa pwani, El Majidi ikiwa miongoni mwake.

Miezi mitano baadaye, huko Geneva, waamuzi watano walikuwa wakiihukumu merikebu hiyo hiyo kwa jina lake la vita. Marekani ilikuwa imeishitaki Uingereza kwa hasara iliyofanywa na merikebu zilizotoka katika bandari zake. Juu ya Shenandoah waamuzi walitofautiana, na kwa kura tatu dhidi ya mbili waliamua kwamba Uingereza ilikuwa na hatia kwa yote yaliyotendwa baada ya kutoka Melbourne, yaani baada ya lile gudi na wale watu zaidi ya 40. Tarehe 14 Septemba 1872 Uingereza ilitakiwa kulipa dola 15,500,000 za dhahabu kwa ajili ya merikebu zote zilizohusika. Unguja haikudaiwa kitu. Hati ya mnada ilikuwa safi kama ilivyoahidiwa.

Hasara ya Barghash ilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika kumtaka afunge biashara ya watumwa ya baharini, naye akakataa. Waingereza wakatishia kuizingira Unguja kwa manowari. Mfalme hakuwa na cha kuelea ambacho kingewafanya wafikiri mara mbili, ingawa hata El Majidi nzima isingeweza mengi mbele yao. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Waliokuwa wakiuzwa pale hawakuwa na sababu ya kulilia tufani.

Manowari moja ya Kiingereza iliyofika Unguja mwaka huo, Glasgow, ilimpendeza Barghash. Safari hii hakutafuta mnada. Aliagiza mpya, ya mfano ule ule na jina lile lile, kwa kiwanda cha Denny huko Dumbarton, si mbali na mahali Sea King ilipojengwa, nayo pia ikafanywa kwa mataruma ya chuma na ubavu wa msaji. Ilifika mwaka 1878, na miaka yake mingi iliipitisha ikiwa imetia nanga mbele ya jumba. Kwa kazi ya kweli, ya kubeba shehena na abiria wa Bombay, Barghash alirudi kununua merikebu zilizokwisha kutumiwa na kampuni za Ulaya. Glasgow ilizamishwa hapo hapo nangani na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa moja, na milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari hadi mwaka 1912.