Mtaalamu wa programu aichunguze kampuni changa kabla ya kuifanyia kazi

Kampuni changa za teknolojia ni nadra kutangaza nafasi za kazi magazetini. Nyingi huanzishwa na watu wawili au watatu wenye wazo na fedha kidogo, na wanapohitaji mtu wa kuandika programu za kompyuta, humtafuta kwanza miongoni mwa watu wanaofahamiana nao. Ndiyo sababu mhitimu stadi anaweza kutuma barua za maombi mwaka mzima asijibiwe, ilhali mwenzake asiyemzidi ujuzi anabisha mlango mmoja na kufunguliwa.

Jijini Nairobi, milango hiyo ilianza kujulikana Machi 2010, iHub ilipofunguliwa katika Barabara ya Ngong. Mwanzilishi wake, Erik Hersman, alikuwa pia miongoni mwa waliobuni Ushahidi mnamo Januari 2008, mfumo uliokusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi na kuzionyesha kwenye ramani. Shirika la CcHUB la Nigeria liliinunua iHub mwaka wa 2019. Vituo vya aina hiyo vimeibuka kwingineko: C4DLab katika Chuo Kikuu cha Nairobi, @iLabAfrica katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Swahilipot Hub mjini Mombasa na LakeHub mjini Kisumu.

Kufika huko mara moja na kugawa kadi hakusaidii. Kinachosaidia ni kazi inayoonekana. Ushahidi, kwa mfano, ni programu huria; msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na anayerekebisha kasoro hata moja hujulikana kwa jina. Aidha, tangu Safaricom ilipozindua Daraja mwaka wa 2017, mtengenezaji programu anaweza kuunganisha kazi yake na M-Pesa na kuifanyia majaribio bila kutumia fedha halisi. Biashara nyingi changa nchini hutegemea malipo hayo. Aliyekwisha kupambana na tatizo la mteja kukatwa fedha huku mfumo ukiwa haujapokea taarifa ana jambo zito la kuonyesha, pengine kuliko vyeti.

Wengi wakipata mwaliko hudhani safari imekwisha, kumbe hapo ndipo hatari inapoanzia. Kune, iliyokuwa ikipika na kusambaza vyakula Nairobi, ilitangaza kufunga mnamo Juni 2022. Sendy, iliyoshughulika na uchukuzi wa mizigo, iliishia mikononi mwa wasimamizi mwaka wa 2023. Copia, iliyowauzia watu wa mashambani bidhaa kupitia maajenti, ilifuata Mei 2024. Hizo zilikuwa kampuni zilizowahi kuvutia wawekezaji, sembuse ile ambayo bado haijapata mteja.

Kwa hivyo, anza na usajili. Kupitia eCitizen, mtu anaweza kulipia stakabadhi ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Ikiwa anayejiita mwanzilishi hayumo humo, aeleze kwa nini. Kisha uliza, pasipo aibu, fedha zilizoko benki ni kiasi gani na kampuni hutumia ngapi kwa mwezi. Kampuni yenye Sh6 milioni inayotumia Sh1 milioni kila mwezi ina uhai wa miezi sita ikiwa haina mapato. Mwanzilishi anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kulijibu.

Suala la hisa linahitaji utulivu zaidi. Mara nyingi mtaalamu huahidiwa sehemu ya kampuni badala ya mshahara kamili. Utaratibu ulioenea ni kuzipata hisa hizo kidogo kidogo kwa miaka minne, bila kupata chochote kabla ya mwaka wa kwanza kutimia. Aliyeahidiwa asilimia 2 akaondoka mwezi wa kumi, huondoka mikono mitupu. Hata anayebaki huona sehemu yake ikipungua kila hisa mpya zinapotolewa kwa wawekezaji. Ahadi isiyoandikwa haina uzito wowote wa kutegemewa, na hisa hazilipi kodi ya nyumba.

Kuna pia umiliki wa msimbo wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huhesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, na inasema kuwa kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa katika ajira, huchukuliwa kuwa imehamishiwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Maana yake ni kwamba mtu huru aliyezoea kutumia vipande vyake vya zamani katika kila kazi aviorodheshe mkatabani kuwa ni vyake, na kuongeza kifungu kwamba haki hazitahama kabla ya malipo kukamilika.

Kwa upande wa ajira, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Tofauti kati ya mwajiriwa na mwenye kandarasi huonekana zaidi kampuni inapoanguka: mishahara ya wafanyakazi hutangulizwa kwa kiwango fulani, naye mwenye kandarasi hupanga foleni pamoja na wadai wengine. Kwa sababu hiyo, wa kandarasi aombe malipo ya awali kabla ya kuandika mstari wa kwanza, na yanayosalia yagawanywe kwa hatua fupi, wiki mbili mbili, ili deni lisipate nafasi ya kukua.