Mnafu Ulivyochelewa Kuingia Darasani

Mbegu za mnafu ni ndogo mno. Ukizimwaga kwa mkono mtupu, huku zitasongamana, kule patabaki kipara. Mama yangu alizichanganya kwanza na mchanga mkavu, ndipo akazinyunyiza tutani taratibu, kama atiaye chumvi mchuzini. Hakuna aliyeiita hiyo elimu.

Elimu ya bustani yenye vitabu na wataalamu ilikuja kwetu na mimea ya mbali. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, wakajaribu mikwinini, mipira, kahawa na mengineyo ya kupakia melini. Wenyeji walitakiwa kwa mikono yao. Mboga za mama zao hazikumhusu mtu.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba, na mtoto ajifunze humo kwa kutenda, aone kosa lake na faida yake. Lilikuwa wazo zuri, na bado naumia nikikumbuka lilivyotufikia. Shuleni kwetu aliyechelewa namba alipewa jembe. Aliyepiga kelele, ndoo ya kumwagilia kabichi. Viwavi walitoboa majani mbele ya macho yetu, wala hatukufundishwa wametoka wapi. Jembe likawa adhabu, na wengi tukasoma kwa bidii ili tulikimbie.

Vyuoni mambo yalikwenda vizuri zaidi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa Morogoro mwaka 1984, na baadaye kikawa na shahada ya kilimo cha bustani peke yake.

Lakini kwangu mimi badiliko kubwa liko Tengeru, Arusha. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha mboga chenye makao makuu Taiwan kilifungua tawi pale, na kazi yake mojawapo ikawa kukusanya na kuhifadhi mbegu za mnafu, mgagani, mchicha na ngogwe. Mboga zilizodharauliwa kuwa za maskini zikapata watafiti wake. Leo kijana anayesomea bustani hujifunza kitalunyumba, trei za miche na umwagiliaji wa matone, na mnafu umo katika masomo yake.

Juzi nilimsomea mama mwongozo wa kulima mnafu. Tulipofika kwenye kusia, ulielekeza kuchanganya mbegu na mchanga mkavu. Akauliza kama wamesema pia kutandaza nyasi kavu mpaka miche ichomoze.

Wamesema, mama.