Historia ya Kipande na Kitambulisho Katika Kenya



Pamoja na hesabu za fedha na habari za wagonjwa na mazishi, tumeona vema kutia katika taarifa hii habari ya jambo lililowagusa babu zetu, nalo ni kipande. Kijana wa leo akipata kitambulisho hufurahi, kwa kuwa amehesabiwa kuwa mtu mzima. Babu yake alipopewa kipande hakufurahi hata kidogo. Yatupasa kujua sababu.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa ajili ya Vita Kuu haikuanza kutumika mpaka vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuchukua cheti chenye jina lake, kabila lake, wilaya yake na alama za vidole vyake. Bwana wa kazi aliandika humo siku ya kumwajiri, mshahara wake, na siku ya kumwachisha. Cheti kilitiwa katika kibati, na kibati kikavaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Na jina hilo lilitosha kueleza uchungu wao.

Ubaya wa kipande haukuwa katika karatasi, bali katika kazi yake. Mtu hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali mpaka bwana wa kwanza atie sahihi ya kumwachilia. Mshahara mdogo ulioandikwa ulimfuata. Bwana mpya aliusoma, asione haja ya kuuongeza. Aliyetoroka kazini alitafutwa kwa alama za vidole zilizowekwa Nairobi, akahukumiwa kama mhalifu. Mzungu na Mhindi hawakuvaa kibati.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na umati ulipokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, tarehe 16, ulipigwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Miongoni mwao alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke ambaye sheria ya kipande haikumhusu.

Baada ya miaka mingi ya malalamiko, sheria mpya ya mwaka 1947 iliamuru watu wa mataifa yote waandikishwe. Hapo walowezi wengi walikasirika kuombwa alama za vidole, jambo ambalo kwa Mwafrika walikuwa wameliona la kawaida tu. Wanawake nao hawakuandikishwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, swali liligeuka. Zamani iliulizwa, "Bwana wako ni nani?" Sasa iliulizwa, "Wewe ni raia wa wapi?" Aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja naye amezaliwa Kenya, alikuwa raia siku ile ile. Aliyezaliwa hapa na wazazi waliotoka nje alipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi hawakuomba, na wazao wao walikaa bila karatasi. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kudai uraia, nao wakaupata.

Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba kila raia ana haki ya pasipoti na hati za kumtambulisha. Hata hivyo haki isiyo na ushahidi ni kama shamba lisilo na mpaka. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akiba benki, na hata msaada wa chama chetu humfikia kwa taabu.

Kwa hiyo twawaomba wanachama waandikishe kila mtoto azaliwapo, wazitunze hati za marehemu wala wasizichome pamoja na takataka za nyumba. Nanyi wazee wetu, mwaulizwapo na ofisi kama kijana fulani ni wa hapa, kumbukeni ile sahihi ya bwana wa zamani iliyoweza kumfunga mtu. Neno lenu leo lina uzito uo huo. Msilinyime kwa chuki, wala msiliuze.