"Afya ya kitabia" ni afya gani?

Machi 2024 wapiga kura wa California waliamua jambo ambalo mfasiri asiye makini anaweza kulifuta kabisa katika Kiswahili. Jimbo hilo lilikuwa na sheria ya mwaka 2004, nayo ilipitishwa kwa kura ya wananchi, inayotoza kodi ya ziada ya 1% kwenye kipato cha mtu kinachozidi dola milioni moja kwa mwaka. Fedha hizo huendesha huduma za afya ya akili katika kaunti. Pendekezo la 2024 halikuongeza kodi hata senti moja. Lilibadili matumizi ya fungu lile na jina la sheria yenyewe: neno la Kiingereza "mental" likatoka, likaingia "behavioral".

Chini ya sheria ya zamani, mtu mwenye uraibu wa heroini tu, bila ugonjwa mwingine wa akili, hakuwa mlengwa wa fedha hizo. Sasa yumo. Tena 30% ya mgawo wa kaunti imeelekezwa kwenye makazi, na jimbo likaruhusiwa kukopa dola bilioni 6.38 kwa hatifungani ili kujenga nyumba na vituo vya tiba. Pendekezo lilipita kwa tundu la sindano, kura za ndiyo zikizidi 50% kidogo mno. Baadhi ya watetezi wa wagonjwa walipinga wakihofia kuwa makazi yatakula fedha za kliniki. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani chungu ni kile kile na walaji wameongezeka.

Sasa sheria hiyo tuiiteje? Tafsiri inayokuja haraka ni "afya ya kitabia", na inasikitisha kuiona katika karatasi za Kiswahili za huduma za afya. Kwetu tabia ni mwenendo, na mwenendo huhukumiwa. Mzazi akisema kijana wake ameharibika tabia, hamaanishi kwamba anahitaji daktari. Waingereza na Wamarekani wanaweza kudai kwamba neno lao linapunguza unyanyapaa, lakini kwetu linauongeza: mgonjwa anaambiwa kwa adabu kwamba kosa ni lake.

Wengine watapendekeza tubaki na "afya ya akili" kwa yote mawili. Ni neno zuri, limeshazoeleka. Lakini tukilitumia hapa, sheria ya 2004 na ya 2024 zitakuwa na jina moja, na msomaji hataona kwamba kuna kundi zima la wagonjwa lililoingizwa.

Napendekeza "afya ya akili na uraibu". Ni refu, nakubali. Hata hivyo watunga sheria wenyewe, wanapotaka kuzibana kampuni za bima zisipate upenyo, huyataja mambo yote mawili waziwazi. Sheria ya shirikisho ya 2008 kuhusu usawa wa bima ina akili na uraibu katika jina lake, na sheria ya California ya 2020, inayolazimisha bima kulipia tiba inayohitajika kitabibu, nayo inataja magonjwa ya akili na ya matumizi ya vilevi na dawa za kulevya.

Kuna wanaopendelea "utegemezi" badala ya uraibu. Katika habari za bima neno hilo litaleta vurugu, maana wategemezi ni mke, mume na watoto walioandikwa kwenye kadi. "Ulevi" nao unaishia kwenye pombe, na una matusi ndani yake. Uraibu una historia ya upole zaidi: zamani lilikuwa jina la mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku uliotafunwa na watu wa heshima zao. Leo wahudumu wa kliniki za methadoni Tanzania humwita mgonjwa wao mraibu, wala hawamaanishi kumtukana.

Familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimepewa makazi Marekani, na hizo ndizo zinazopokea fomu zenye maneno haya. Mama anayeulizwa kama anahitaji "huduma za kitabia" atajibu hapana, tena kwa haki. Wafasiri wa fomu hizo, andikeni "huduma za afya ya akili na uraibu", hata kama kisanduku ni kidogo.