Jinsi kampuni na maonyesho ya mitindo yanavyofaana

Onyesho moja la mavazi kwa kawaida huchukua takriban robo saa tu jukwaani, lakini gharama zake huanza kuhesabiwa miezi kadhaa kabla. Kuna kodi ya ukumbi, taa, vipaza sauti, wanamitindo, wasusi, wapambaji wa nyuso na walinzi. Mbunifu chipukizi hana ubavu wa kuyagharamia hayo yote. Wala mauzo ya tikiti hayawezi kuziba pengo, kwani wageni wanaolengwa hasa, yaani wanahabari na wanunuzi wa maduka makubwa, huingia kwa mwaliko bila kulipa hata senti. Hapo ndipo kampuni zinapojitokeza na fedha zao, na ni nadra kufanya hivyo kwa hisani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa jiji la New York. Mnamo 1943, wakati Paris ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani na wanahabari wa Marekani hawangeweza kufika huko kutazama mavazi mapya, Eleanor Lambert, mtaalamu wa uhusiano mwema, aliwaandalia wiki maalumu ya kuwatambua wabunifu wa nyumbani. Mwaka uo huo, kampuni ya manukato ya Coty ilianza kudhamini tuzo za wabunifu wa Marekani. Tuzo hizo zilidumu hadi katikati ya miaka ya 1980 zikiitwa kwa jina la kampuni hiyo, hivi kwamba mbunifu aliyezipata alijulikana kuwa mshindi wa Coty. Kwa mwuza manukato, hilo lilikuwa tangazo ambalo halikuhitaji kulipiwa upya kila lilipotajwa.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wabunifu wa jiji hilo waliendelea kuonyesha kazi zao kila mmoja pake, wengine katika maghala na vyumba vibovu. Mnamo 1991, vipande vya lipu vilianguka kutoka darini wakati wa onyesho la Michael Kors. Fern Mallis, aliyekuwa mkurugenzi wa baraza la wabunifu wa mitindo wa Marekani, alishika njia kutafuta mahali salama pa kuwakusanya wote. Mwaka wa 1993 mahema yalisimikwa katika bustani ya Bryant Park. Mahema, majukwaa na umeme vilihitaji mtu wa kuvilipia, na hata jina la wiki yenyewe hatimaye likawa bidhaa ya kuuzwa. Kati ya 2004 na 2006 wiki hiyo iliitwa kwa jina la Olympus, watengenezaji wa kamera; kuanzia 2007 hadi mapema 2015, ikabeba la Mercedes-Benz.

Chaguo la wadhamini hao halikuwa la kubahatisha. Mwisho wa kila jukwaa husimama kundi kubwa la wapigapicha waliosongamana bega kwa bega, na mwuza kamera angepata wapi umati wa wateja kama huo? Mwenye magari ya kifahari naye alijua kwamba walioketi mstari wa mbele ni watu wenye uwezo wa kuyanunua, au wanaoigwa na wenye uwezo huo. Kila gazeti lililoitaja wiki hiyo kwa jina lake rasmi lilimtaja naye, apende mhariri asipende.

Si kila mdhamini hutoa fedha taslimu. Maybelline iliwapamba wanamitindo kwa bidhaa zake, nayo DHL ikajitwika mizigo. American Express iliwatengea wenye kadi zake sehemu ya juu ya kutazamia maonyesho ambayo raia wa kawaida asingeyaona. Aghalabu mkataba humhakikishia mdhamini kwamba hasimu wake hataruhusiwa kuweka hata bango mahali hapo. Huenda hiki ndicho kipengele kinachomgharimu mdhamini zaidi, na ndicho wanaochangisha fedha wasio na uzoefu husahau kukitoza bei.

London ilifuata njia nyingine. Mpango wa NEWGEN, ulioanzishwa na Baraza la Mitindo la Uingereza mnamo 1993, huwasaidia wabunifu wachanga, na Alexander McQueen alikuwa miongoni mwa walionufaika mapema. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, mdhamini wake alikuwa Topshop, duka la nguo za bei nafuu. Wachanga walipata jukwaa. Duka likapata heshima ambayo bei zake zisingelipa, na likashirikiana na baadhi ya wabunifu kutengeneza mavazi ya kuuza madukani mwake. Kundi la Arcadia, lililomiliki Topshop, lilianguka Novemba 2020.

Barani Afrika, Wiki ya Mitindo ya Lagos, iliyoanzishwa na Omoyemi Akerele mwaka wa 2011, imewahi kutanguliza majina ya MTN, benki ya GTBank na bia ya Heineken. Mwaka wa 2016 GTBank ilianzisha tamasha lake yenyewe la mitindo. Mdhamini aliyekwisha kuonja faida huweza kuamua kuwa mwenyeji, na mwandalizi akabaki na mahema matupu. Nchini Kenya, waandalizi wana uwanja mwembamba zaidi wa kuombea: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilifunga mlango wa fedha za sigara, na ile ya vileo ya 2010 ikabana matangazo ya pombe. Waliobaki ni benki, kampuni za simu, hoteli na wauzaji wa vipodozi, ambao nao hugombaniwa na michezo na muziki.

Udhamini ukizidi, nao una karaha zake. Kumbi za mapokezi za New York, zilizohamia Lincoln Center mnamo 2010, zilijaa vibanda vya bidhaa kiasi cha kulalamikiwa kuwa zimegeuka soko. Baadhi ya wabunifu wakubwa walihamia kwingine. Wakazi waliokerwa na kutwaliwa kwa bustani ya umma ya Damrosch Park kwa shughuli za kibiashara walikwenda mahakamani mwaka wa 2013, na maafikiano ya Desemba 2014 yakaiondoa wiki hiyo bustanini. Onyesho la Februari 2015 ndilo lililokuwa la mwisho hapo, na ndilo la mwisho la jiji hilo kubeba jina la Mercedes-Benz.