Shule nayo ni mama: somo la Matombo

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Usemi huu tumezoea kuwarushia wale waliohamia mijini wakavisahau vijiji vyao. Juma hili nataka tuugeuze, tuuangalie upande wa pili. Je, asili nayo ikimwacha mtoto wake, tuiite nani?

Swali hili si langu. Nilipewa na mama mmoja mtu mzima ndani ya gari la abiria, katika njia ya kutoka Morogoro kwenda Matombo, ile ipitayo Kiroka na Mkuyuni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaanza kuzungumza kama ilivyo kawaida ya wasafiri. Alipojua kuwa kazi yangu ni ya redio, akafungua mfuko wa plastiki akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kilikuwa cheti cha shule cha kaka yake. Kaka huyo alifariki Dar es Salaam na kuzikwa huko huko, kwa kuwa fedha za kuusafirisha mwili hazikupatikana. Kilichorudi nyumbani ni hicho cheti.

"Mwanangu," akaniambia, "zamani redio yenu ilikuwa inawataja waliokufa, nchi nzima inasikia. Sasa shule iliyomlea mtu, akifa yeye, inaambiwa na nani? Na ikiambiwa, inamjua?"

Alikuwa anakipeleka cheti kwenye shule aliyosoma marehemu, jina la kaka yake liandikwe mahali. Shule yenyewe sitaitaja, maana zinazofanana nayo ni nyingi nchini. Baadaye nilipata habari kwamba mwalimu alimpokea kwa heshima, akampa kiti na maji ya kunywa. Lakini daftari la miaka ile halikuwepo. Mchwa walikwisha kulimaliza. Mama akakikunja cheti chake, akarudi nacho.

Ndugu msikilizaji, wengi mnalijua jina la Matombo kwa ajili ya machafuko ya mwaka 1955, wananchi walipokataa kulazimishwa na serikali ya kikoloni kulima matuta ya ngazi milimani. Hiyo ni historia kubwa na imekwisha kuandikwa. Lakini jina lenyewe lina maana kongwe kuliko matuta. Kwa Kiluguru, tombo ni titi, na matombo ni matiti. Wenyeji husema jina limetokana na vilima vinavyofanana na matiti ya mama. Aidha, neno hilo hilo tombo hutumika kwa watu wa mlango mmoja, yaani wale wanaojihesabu kuwa wametoka kwa bibi mmoja. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa akina mama yake, na ardhi hurithiwa kwa upande huo. Kwa hiyo, kuulizwa wewe ni wa tombo gani ni kuulizwa ulinyonya wapi.

Shikilia neno hilo, tutalirudia.

Shule za kwanza za misheni katika upande huu wa nchi yetu zilianza na watoto waliokuwa wamenyang'anywa mama zao. Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao wengi wao wakati huo walikuwa Wafaransa, walifika Unguja katika miaka ya 1860, na mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kusoma, dini, kilimo na kazi za mikono. Je, walipokua walipelekwa wapi? Hawakuwa na kwao pa kurudi. Misheni ikawaoza, ikawapa nyumba na shamba, ikawaweka katika kijiji cha Wakristo. Mwaka 1877, ilipofunguliwa misheni ya Mhonda katika milima ya Nguru, familia changa za wanafunzi hao wa zamani ndizo zilizotangulizwa kwenda kuijenga. Morogoro ikafuata mwaka 1882, Tununguo mwaka 1884, na kabla karne ile haijaisha ikafika zamu ya Matombo.

Utaona basi kwamba tangu mwanzo shule hizo hazikuachana na waliosoma humo. Mwanafunzi wa jana alikuwa ndiye mkulima, fundi, katekista na mzazi wa leo. Lakini tuseme kweli: ulikuwa uhusiano wa amri. Padri ndiye aliyepanga nani akae wapi, na aliyetaka kwenda zake aliondoka bila baraka.

Matombo mambo yalikuwa tofauti. Mtoto wa Kiluguru hakuwa yatima. Alikuwa na mama, alikuwa na mjomba, alikuwa na ardhi ya ukoo. Misheni haikuweza kumchukua bila kuzungumza na watu wake. Ikabidi shule ijifunze kuishi na ukoo, na jambo hilo likazaa aina nyingine ya kumbukumbu. Shule na kanisa vilikuwa katika uwanja mmoja. Padri alikuwa na kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa na kitabu cha vifo, na karibu navyo daftari la shule. Aliyetaka kujua fulani bin fulani yuko wapi aliweza kufungua vitabu hivyo akamfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kaburini, na watoto wake pia.

Hata hivyo, kitabu hicho kilikuwa na kasoro kubwa. Kiliwakumbuka waliobatizwa. Uluguru ina Waislamu wengi, na mtoto wao aliyekaa nje ya shule ya misheni, au aliyeingia akatoka, hakuwa na ukurasa wake. Na wale walioshindwa mtihani wa darasa la nne, ambao ndio waliokuwa wengi, walirudi shambani na kusahauliwa mara moja.

Ndiyo maana, baada ya Uhuru, serikali iliona kuwa elimu haiwezi kuendelea kugawanywa kwa dini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali, na utekelezaji ukaanza mwaka 1970. Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote. Mimi ni mmoja wa waliokula matunda ya maamuzi hayo na sitayabeza. Mtoto wa Mwislamu na wa Mkristo, wa tajiri na wa maskini, waliketi dawati moja, na pale ambapo madawati yalikosekana, sakafu moja.

Lakini katika kuhama nyumba, vyombo vingine husahaulika. Vitabu vya kanisa vilibaki kanisani. Daftari la shule lilibaki shuleni, likiwa halina ndugu. Mwalimu mkuu akawa mtu wa kuhamishwa, leo Matombo, kesho Kilosa, keshokutwa Ulanga. Shule ikawa ya wote, na kilicho cha wote mara nyingi hakina wa kukipangusa vumbi. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila tulidhani serikali itakumbuka kwa niaba yetu. Serikali huhesabu wanafunzi waliopo. Waliokwisha kuondoka si kazi yake.

Utaniuliza, je, iko jumuiya iliyoweza kufanya vizuri zaidi? Ipo, tena ni jirani zetu, na hata sisi Watanzania tumo katika historia yao. Mashariki ya Uganda, karibu na mji wa Mbale, kuna Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, wanaoitwa Abayudaya. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari aliyewahi kuwatumikia Waingereza, kisha akakosana nao. Mwaka 1919 aliamua kuifuata Torati, akatahiriwa yeye na wanawe, na watu wake wakamfuata. Alifariki mwaka 1928, na wazee wakaendelea kufundisha watoto.

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, haukupita muda mrefu dini hiyo ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa. Wengi wakahamia Ukristo au Uislamu ili kuokoa maisha yao, na inakadiriwa kuwa kati ya watu kama 3,000 walibaki kama 300 tu, waliosali kwa siri majumbani. Majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ilianza Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri.

Jumuiya iliyobakiwa na watu 300, bila jengo na bila fedha, iliwezaje kusimama tena? Haikuanza kwa kujenga. Katika miaka ya 1980 vijana walikusanyika katika kilima cha Nabugoye, wakajifunza kwa wazee yale waliyoyahifadhi vichwani, na familia zilizotawanyika zikaanza kurudi moja moja. Shule zilikuja baadaye: shule ya msingi ya Hadassah, na shule ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu. Ndani yake husoma watoto wa Kiyahudi pamoja na majirani zao Wakristo na Waislamu, na chakula hutolewa shuleni. Mmoja wa vijana wale wa Nabugoye, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Los Angeles, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, kisha akarudi kwao kufundisha. Mwaka 2016 majirani wa dini zote walimchagua kuwa mbunge.

Sisemi Matombo ni Nabugoye. Wale ni wachache, wameunganishwa na imani moja, na wana marafiki ng'ambo wanaowasaidia. Lakini jambo moja tunaweza kulichukua bila kulipia ushuru. Wao walitangulia kuwatafuta watu, majengo yakafuata. Sisi tunafanya kinyume. Shule ikitaka saruji, ndipo kamati inapokumbuka kuwa fulani wa Dar es Salaam alisoma hapa. Hutafutwa mwenye cheo na mwenye duka Kariakoo. Yule aliyeishia darasa la saba na sasa analima migomba hatafutwi. Mama aliyefiwa na mwanawe hapelekewi hata salamu. Halafu tunashangaa kwamba hao wakubwa nao hawaitikii. Mtu anayeitwa siku ya mchango tu anajua ameitwa mfuko wake.

Wengine watasema siku hizi kuna makundi ya simu, watu wa darasa moja wanasalimiana kila asubuhi. Ni kweli na ni jambo jema. Lakini makundi hayo ni ya wenye simu kubwa. Bibi yule wa kwenye gari hayumo. Na simu ikipotea, kumbukumbu nazo huenda.

Waluguru hawana haja ya kufundishwa kazi hii na mtu wa nje. Katika tombo hakuna mtu anayefutwa. Aliyefanikiwa na aliyeshindwa, aliyebaki na aliyepotelea Dar es Salaam, wote huhesabiwa, na wafu hutajwa kwa majina katika matambiko. Shule nayo ilitunyonyesha. Waliokaa dawati moja wamenyonya titi moja, awe Juma au awe Petro. Kinachotakiwa ni shule kuhesabu watoto wake kama ukoo unavyohesabu.

Na kazi yenyewe haina gharama kubwa. Madaftari ya zamani yaliyosalia yanakiliwe, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ofisi ya kijiji. Wazee waliosoma miaka ya 1950 na 1960 waulizwe majina ya wenzao wangali hai. Siku moja kwa mwaka familia ziitwe, bila sahani ya mchango, na majina ya waliofariki yasomwe mbele ya watoto. Mtoto akisikia jina la babu yake likisomwa uwanjani, atajua kuwa na lake litasomwa.

Zamani watu walikaa karibu na redio wakasikiliza matangazo ya vifo, na mtu wa milimani akajua kuwa ndugu yake wa mjini amefariki. Lile lilikuwa daftari la nchi nzima, ingawa lilikuwa la sauti na likapita na upepo. Kama nawe ulisoma mahali, ndugu msikilizaji, iandikie shule yako juma hili. Andika jina lako, mwaka ulioingia, na jina la mwenzako mmoja asiyeweza kuandika tena. Na wewe mwalimu utakayeipokea barua hiyo, usiiweke mahali pa mchwa.