Silabi Zilizonyamaza

Wanafunzi wangu hapa Lubumbashi hugawa silabi za Kiswahili bila kuelekezwa: wa-na-se-ma, kila irabu na silabi yake. Wakikutana na ils parlent ya Kifaransa, yenye maana hiyohiyo, huandika par-lent, wanatamka zote mbili mpaka t ya mwisho, kisha wanasahihishwa kwamba hiyo ni silabi moja: parl. Wanasahihishwa kwa haki, lakini hawaambiwi kilichotokea.

Katika Kifaransa cha karne ya 12, kiambishi -ent cha vitenzi kama hiki kilikuwa silabi kamili. Ile e hafifu ilisikika, na konsonanti zilizoifuata vilevile. Karne zilizofuata konsonanti za mwisho zilidondoka, na kufikia karne ya 17 watu wa Paris walikuwa wakiimeza hata e yenyewe. Tahajia haikuguswa. Washairi nao hawakukubali hasara hiyo: katikati ya mshororo wa Racine wenye silabi 12, parlent bado inahesabiwa mbili, na mwigizaji anayeipuuza e hiyo anauvunja mshororo. Nenda Marseille au Toulouse, utaisikia e hiyo mdomoni mwa watu wa kawaida.

Viambishi vingine vilikwenda njia zao. Wakati uliopita uliandikwa parloit hata pale ambapo wengi walikuwa wameshaacha kutamka oi. Voltaire alipigania ai. Académie française ilikubali mwaka 1835, miaka 57 baada ya kifo chake. R ya finir ilikuwa imenyamaza, ikarudishwa. Ya parler haikurudi, na sijapata kuona mtoto asiyeuliza kwa nini.

Ninayoipenda zaidi ni t. Karne ya 16 waliandika dîne-il huku wakitamka t isiyokuwepo, kwa kufuata vient-il na dort-il. Leo t hiyo inaandikwa: dîne-t-il. Na ile ya parlent haijafa kabisa, kwani geuza sentensi iwe swali, parlent-ils, nayo inasikika wazi, ikifungua silabi ya mwisho.

Walimu wenzangu, mtoto akisoma par-lent, msimcheke. Mwambieni kwamba hivyo ndivyo ilivyosomwa zamani, mwonyesheni t inavyorudi kwenye swali, kisha mfundisheni matamshi ya leo.